Ugonjwa wa Mwinuko, Si Ugonjwa wa Urefu

Njia ya Marangu ndiyo kongwe kuliko zote wanazopita watalii kupanda Kilimanjaro, na ndiyo pekee ambayo mtu hulala kwenye vibanda badala ya hema. Ukiipanda kwa ratiba ya siku tano, unaanzia langoni, kama mita 1,870 kutoka usawa wa bahari. Usiku wa kwanza unalala Mandara, mita 2,720. Wa pili unalala Horombo, mita 3,720. Wa tatu ni Kibo, mita 4,720, lakini huko hakuna kulala kwa maana, kwani saa tano usiku hivi mnaamshwa ili jua liwachomozee karibu na kilele cha Uhuru, mita 5,895. Yaani kila kukicha mwili unapandishwa karibu mita elfu moja. Madaktari wa tiba ya milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala leo pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne urudie kulala palepale. Weka hesabu hizo mbili pamoja na hutashangaa kwa nini watu wengi hufika Kibo wakiumwa kichwa na kutapika, na baadhi hurudishwa kwenye machela ya gurudumu moja.

Kinachowapata hakijapata jina lililotulia kwa Kiswahili. Waongozaji wengi wa Moshi na Arusha, kwa kuwa kutwa wanazungumza na wageni, hukitaja kwa Kiingereza. Anayetafsiri harakaharaka huandika "ugonjwa wa urefu", na msomaji akabaki kujiuliza kama hayo ni maradhi ya watu warefu. "Ugonjwa wa kimo" nao hausaidii, maana kimo ndicho anachopimwa mtoto kliniki pamoja na uzito. "Ugonjwa wa mlima" unakaribia ukweli, ila una kasoro mbili. Kwanza, ugonjwa huu haungoji mlima. Uwanja wa ndege wa El Alto, unaohudumia jiji la La Paz nchini Bolivia, uko mita 4,061; msafiri anashuka kwenye ndege akiwa na suti na mkoba, na jioni anaumwa kichwa kana kwamba amepanda Horombo kwa miguu. Lhasa huko Tibet iko mita 3,650, na Cusco ya Peru kama mita 3,400. Pili, neno mlima linamfanya mtu adhani kinachoumiza ni kupanda, yaani jasho na miguu, na kwa hiyo mwenye misuli atasalimika. Hasalimiki.

Ndiyo maana nashikilia "ugonjwa wa mwinuko". Mwinuko ni neno ambalo kila aliyesoma jiografia shuleni analijua: mwinuko wa Dodoma, mwinuko wa Nairobi, mwinuko wa Ziwa Victoria. Tena limetokana na kuinuka, kwa hiyo ndani yake kuna mahali ulipo na pia mwendo wa kufika hapo. Ugonjwa wenyewe uko hivyohivyo. Watu wanaishi El Alto maisha yao yote bila kuumwa. Anayeumwa ni aliyeinuliwa kutoka chini kwa siku moja.

Jina baya hupotosha tiba, na mfano upo. Huko Andes ugonjwa huu huitwa soroche, neno ambalo pia ni la mawe yenye madini, kwa sababu zamani watu waliamini kuwa ni mvuke wa madini unaowalewesha wapita njia. Kasisi Mhispania José de Acosta, aliyeumwa vibaya akivuka milima ya Peru, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1590 kwamba tatizo ni hewa yenyewe, ambayo huko juu haiufai mwili wa binadamu. Alikisia vizuri. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1878 kwa Mfaransa Paul Bert, aliyefungia wanyama na hata yeye mwenyewe ndani ya vyumba vya kupunguzia mgandamizo wa hewa, kuonyesha kwamba chanzo ni uhaba wa oksijeni.

Uhaba, lakini si kuisha. Hapa pana kosa linalorudiwa hata na watu waliosoma: kwamba huko juu hewa ina asilimia ndogo ya oksijeni. Asilimia ni ileile, karibu 21, Tanga na Uhuru. Kinachopungua ni mgandamizo. Hewa imepangana kama magodoro dukani: la chini kabisa limebanwa na yote yaliyo juu yake, la juu kabisa limejaa upepo. Pumzi moja ya Dar es Salaam imebanwa, ina oksijeni nyingi. Pumzi hiyohiyo Horombo ina kama theluthi mbili tu ya kiasi hicho, na kileleni karibu nusu. Mtaani neno la mgandamizo ni presha, ila nimelikwepa kwa makusudi, maana mtu akisikia "presha inashuka mlimani" atatafuta dawa ya presha ya damu.

Mwili una majibu yake, lakini unayatoa polepole. Cha kwanza ni kupumua haraka na kwa kina. Kupumua hivyo kunafukuza kaboni dioksidi nyingi, damu inazidi kuwa na alikali, na ubongo unaamuru pumzi zipunguzwe. Hasa usingizini utamsikia mwenzako kibandani akipumua kwa nguvu, kisha kimya cha sekunde kadhaa kinachotisha, kisha anavuta pumzi kama aliyeibuka majini. Katika mwinuko huo ni jambo la kawaida, si dalili ya kufa. Figo ndizo zinazosuluhisha kwa kutoa alikali iliyozidi kwenye mkojo, kazi inayochukua siku kadhaa. Mtu anayetoka mara tatu usiku kwenda msalani na kuikanyaga barafu ya Horombo anayo haki ya kulalamika, ila figo zake zinafanya kazi. Kuongezeka kwa chembe nyekundu za damu, jambo ambalo wengi hulitaja kwanza, huchukua wiki. Kwa safari ya siku sita halihesabiki.

Mchakato huu wote nao unahitaji jina. Kitenzi kipo tayari: kuzoea. Tatizo linakuja kwenye nomino, kwa sababu uzoefu umeshachukuliwa na wenye CV. "Mwongozaji ana uzoefu wa mwinuko" itasomeka kwamba amefanya kazi miaka mingi, wakati tunataka kusema figo na mapafu yake yamezoea. Nashauri "uzoeaji wa mwinuko" kwenye maandishi ya kitaalamu, na "kuzoea mwinuko" kwenye mazungumzo. Siku ya ziada inayolaliwa Horombo, ambapo asubuhi watu hupanda hadi karibu na mita 4,000 kwenye miamba yenye mistari kama ya punda milia kisha hurudi kula chakula cha mchana, iitwe siku ya kuzoea. Wageni wengi huiona kama siku ya kupoteza hela. Mimi naona ndiyo siku yenye thamani kuliko zote katika ratiba hiyo, baada ya ile ya kilele.

Lipo tatizo gumu zaidi la istilahi, na hili linaweza kuua. Madaktari wanagawa ugonjwa huu katika sura tatu, na ya kwanza ambayo ni nyepesi kuliko zote ina jina la Kiingereza ambalo watafsiri wetu huligeuza kuwa "mkali". Sifa hiyo kwa lugha ya hospitali ina maana ya ugonjwa uliozuka karibuni, kinyume cha ule sugu. Kwa Mswahili, mkali ni mkali. Hivyo kipeperushi kinaweza kusema kwamba "ugonjwa mkali wa mwinuko" ni wa kawaida na huisha wenyewe, na msomaji akajifunza kwamba ukali si kitu. Afadhali sura hiyo ya kwanza iitwe "ugonjwa wa mwinuko" pekee, bila sifa. Dalili zake ni kichwa kuuma, pamoja na kichefuchefu au kukosa hamu ya kula, uchovu, na kizunguzungu. Huanza saa kadhaa baada ya kufika, na kwa kawaida hupoa kwa siku moja au mbili ikiwa hupandi zaidi.

Sura nyingine mbili zipewe majina yanayotisha, kwa sababu zinatisha kweli: "maji mapafuni" na "uvimbe wa ubongo", vyote vya mwinuko. Mwenye maji mapafuni anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, midomo inageuka rangi, na hali hufika mbali akatoa povu lenye wekundu. Mwenye uvimbe wa ubongo anaanza kuyumba na kuchanganyikiwa. Kipimo chake hakihitaji mashine. Mwongozaji anachora mstari vumbini kwa fimbo, kama hatua kumi, anamwambia mtu atembee juu yake kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Mzima atacheka na kufika. Aliyechoka tu atafika kwa shida. Yule anayetoka nje ya mstari mara mbili tatu na kubisha kwamba yuko sawa, hapandishwi tena hata hatua moja, na hasubiriwi mpaka kupambazuke. Anateremshwa. Oksijeni ya mtungi na sindano ya deksamethasoni humpa nafuu njiani, lakini hakuna inayochukua nafasi ya kuteremka.

Kuhusu kujikinga, lililo kubwa ni muda, na muda unapimwa kwa mahali pa kulala. Njia ya Machame inaonyesha ujanja huo waziwazi: kutoka Shira, mita 3,840, watu hupandishwa hadi mnara wa lava, karibu mita 4,600, kisha siku hiyohiyo wakashushwa kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Panda juu, lala chini. Ule msemo wa "pole pole" nao una maana yake, maana kujichosha siku ya kwanza huongeza dalili, lakini haubadilishi hesabu ya vituo. Ukitembea kama kobe kutoka Horombo hadi Kibo, bado umepanda mita elfu moja.

Dawa ipo, asetazolamaidi, inayojulikana zaidi kwa jina la Diamox. Inazisukuma figo zitoe alikali mapema, yaani inaharakisha kazi ambayo mwili ungeifanya wenyewe. Kipimo cha kujikinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Usishtuke vidole vikifa ganzi au soda ikipoteza ladha. Muone daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa zimewahi kukudhuru. Kuhusu maji, kunywa kwa kadiri ya kiu na jasho. Lita sita kwa siku hazimkingi mtu, na maji yakizidi yanaweza kushusha chumvi ya damu na kuleta kichwa kilekile unachokikimbia. Kitunguu saumu, tangawizi, na majani ya koka kule Peru ni vya kufurahia, havijathibitika kukinga. Pombe na vidonge vya usingizi viache chini, kwani vinapunguza pumzi usiku, wakati ambapo unazihitaji zaidi.

Sisi wenyeji tuna la kusikia pia. Imejengeka dhana kwamba haya ni maradhi ya wazungu. Kila mwaka karibu na tarehe 9 Desemba, makundi ya Watanzania hupanda Kilimanjaro kukumbuka usiku wa mwaka 1961 ambapo Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge kileleni, na wengi wao wanatoka Dar es Salaam, mita chache kutoka baharini. Mapafu yao hayana tofauti yoyote na ya Mdachi aliyetua juzi. Hata wapagazi, wanaojiita wagumu, huugua, na wao wana sababu ya kunyamaza: wakisema wanaumwa wanaogopa kukosa kazi safari ijayo.

Tena kuna jambo ambalo vitabu vya wageni hulipita mbio na kwetu ni la nyumbani. Mwenye ugonjwa wa selimundu asiende kwenye mwinuko mkubwa, kwa kuwa uhaba wa oksijeni ndio unaozifanya chembe zake zijikunje. Aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu, ambaye kwa kawaida haumwi kabisa na huenda hata hajui, anaweza kupata maumivu makali chini ya mbavu za kushoto kwa sababu bandama imekosa damu. Kwa mtu wa Kanda ya Ziwa au pwani, kupima selimundu kabla ya kulipia safari ni busara kuliko kununua koti la tatu.

Kwa kampuni zinazochapisha ratiba za safari kwa Kiswahili, ombi langu ni moja: mbele ya jina la kila kituo cha kulala, andikeni mwinuko wake kwa mita. Nawe unayelipa, kama namba hizo hazipo, ziulize kabla hujatoa hata senti ya kushikia nafasi.