Njia ya Chuma ya Mlima Andes: Kutoka Callao Mpaka La Oroya

Mlima Nyiragongo, karibu na Goma, una metri 3,470. Mtu anayeupanda hufika juu amechoka, kifua kinambana, na usiku baridi inamwingia mpaka mifupani. Sasa fikirini gari la moshi, mabehewa yake yamejaa mawe ya shaba na ya zinki, likipita pahali palipo juu kushinda kilele hicho kwa metri 1,300. Gari hilo si hadithi. Liko katika nchi ya Peru, Amerika ya Kusini, na njia yake ilianza kujengwa mwaka 1870.

Peru ni nchi ya namna tatu. Kando ya bahari kuna jangwa, ndipo ulipo mji wa Lima na bandari yake Callao. Upande wa mashariki kuna pori kubwa la mto Amazon. Katikati umesimama mlima Andes kama ukuta. Fedha na shaba zilikuwa nyuma ya ukuta huo, na tangu zamani zilishuka pwani kwa mgongo wa nyumbu na wa llama. Wakubwa wa Peru, hasa Manuel Pardo aliyekuwa Rais kuanzia mwaka 1872, walisema: tukipandisha reli mlimani, nchi itakuwa moja na tajiri.

Lakini feza ya kujenga itatoka wapi? Jibu lake litawachekesha wengine: ilitoka katika mavi ya ndege. Katika visiwa vidogo vya pwani ya Peru ndege wa bahari walikuwa wamerundika mavi kwa miaka mingi sana, na wakulima wa Ulaya waliyanunua kwa bei kubwa juu ya kurutubisha mashamba yao. Serikali ya Peru iliweka mavi hayo rehani, ikakopa Ulaya mwaka 1870, ikakopa tena mwaka 1872. Mtu akikopa juu ya mali inayopungua kila siku, anajua mwenyewe anakokwenda. Mwaka 1876 Peru ilishindwa kulipa.

Watu wawili ndio wanaotajwa kuwa wajenzi. Wa kwanza ni Henry Meiggs, Mmarekani. Huyu alikuwa mfanya biashara katika mji wa San Francisco. Madeni yalipomzidi alitumia hati za uongo, na mwaka 1854 alikimbia kwa merikebu usiku. Alifika Chile, akajenga reli ya Santiago na Valparaíso, akapata jina. Baadaye alilipa sehemu kubwa ya madeni yake ya zamani. Mwenye kutaka kumhukumu apime yote mawili. Wa pili ni Ernest Malinowski, mtu wa Polonia aliyezaliwa mwaka 1818. Nchi yake ilikuwa imegawanywa na wafalme jirani, akasoma Ufaransa katika shule kubwa za mainjinieri, kisha akaja Peru mwaka 1852. Yeye ndiye aliyechora njia. Meiggs alileta mkataba na maneno matamu. Malinowski alileta hesabu.

Hesabu yenyewe ilikuwa ngumu. Gari la moshi halipandi kama mbuzi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza, na Malinowski hakutaka reli ya meno, ile ambayo baadaye Waswisi waliitumia kupandisha wageni katika mlima Jungfrau, kwa sababu njia yake ilikuwa ya kubeba mizigo mizito. Basi njia haikuweza kupanda zaidi ya metri nne na kitu katika kila metri mia moja. Na bonde la mto Rímac ni jembamba, kuta zake zimesimama wima. Hakuna nafasi ya kuzungusha reli. Walifanya hivi: gari linapanda mpaka mwisho wa reli, linasimama, reli inageuzwa, gari linarudi kinyumenyume likipanda kipande cha pili, tena linasimama, tena linakwenda mbele. Ukitazama kutoka chini unaona njia imechorwa kwenye ubavu wa mlima kama herufi Z. Pahali ambapo hata Z haikutosha, walitoboa mwamba. Tuneli iliyo juu kushinda zote, Galera, ina urefu wa metri 1,177 na iko kwenye metri 4,781. Kilele cha Margherita katika Ruwenzori yetu kinaizidi kwa metri 328 tu. Na kutoka baharini mpaka hapo ni kilometri 170 na zaidi kidogo.

Huko juu hewa ni haba. Kichwa kinauma, moyo unapiga mbio, tumbo linakataa chakula. Wenyeji wanaita ugonjwa huo soroche, na hutafuna majani ya koka ili wastahimili. Lakini soroche haikuua watu wengi. Kifo kiliwangoja chini zaidi, katika bonde la Verrugas.

Vibarua walikuwa maelfu: Wachile, Waindio wa milimani, na Wachina. Hao Wachina walikuja kwa mkataba wa miaka minane, wengi kwa kupitia bandari ya Macao. Peru ilikuwa imefuta utumwa mwaka 1854, lakini kati ya mwaka 1849 na 1874 Wachina karibu elfu mia moja waliletwa huko. Mkataba ulikuwa karatasi. Kapita na fimbo yake walikuwa kitu kingine. Sisi Wakongo tusione hayo kuwa ya mbali. Njia ya Matadi mpaka Léopoldville, iliyojengwa toka mwaka 1890 mpaka 1898, nayo ililetewa Wachina mwaka 1892, na wengi wao walikufa au walitoroka. Hesabu ya serikali yenyewe ilikubali wafu Waafrika 1,800.

Katika Verrugas vibarua walishikwa na homa kali. Damu iliisha mwilini, wakawa weupe kama karatasi, wakafa. Watu waliiita homa ya Oroya. Wengine katika bonde lile lile walitoka vivimbe vyekundu vya damu kwenye ngozi, nao hawakufa. Daraja la chuma lilisimamishwa hapo mwaka 1873, karibu metri 77 juu ya bonde, na maelfu walizikwa kando ya njia, lakini hakuna aliyejua kama magonjwa hayo ni mawili au ni moja.

Aliyejibu ni mwanafunzi wa uganga wa Lima, Daniel Alcides Carrión, mzaliwa wa Cerro de Pasco. Tarehe 27 Agosti 1885 alichukua damu ya kivimbe cha mgonjwa akajitia mkononi. Alitaka kuandika dalili za vivimbe tangu siku ya kwanza. Baada ya siku 21 alishikwa na homa, ile homa ya Oroya yenyewe. Aliendelea kuandika mpaka mkono ukashindwa, kisha rafiki zake wakaandika. Alikufa tarehe 5 Oktoba, mwenye miaka 28. Ugonjwa ulikuwa mmoja. Baadaye Alberto Barton aliona kijidudu chake, ikajulikana kwamba unaenezwa na usubi wa usiku. Walimu wetu wa teolojia ya maadili wanaweza kubishana kama ilikuwa halali kujihatarisha hivyo. Mimi naona hakutafuta kufa. Alitafuta kujua, na hakutafuta mwili wa mwingine wa kujaribia.

Mengine tuyapite upesi. Kazi ilisimama mwaka 1875 kwa kukosa feza. Meiggs alikufa Lima mwaka 1877. Vita na Chile vilikuja mwaka 1879, na Malinowski alikwenda Ecuador kwa miaka kadhaa. Mwaka 1889 mafuriko yalilibeba daraja la Verrugas. Wadai wa Uingereza waliunda kompani yao mwaka 1890, wakapewa reli za Peru kwa miaka 66 ili deni lifutwe. Ndio waliofikisha njia La Oroya mwaka 1893. Mwaka 1908 ilifika Huancayo.

Je, utajiri ulikuja? Ulikuja, kisha ulishuka kwenda baharini. Mwaka 1922 kompani ya Marekani ilifungua kiwanda cha kuyeyusha madini La Oroya. Moshi wake uliua mifugo na majani ya Waindio, na kompani ikaja kununua mashamba yaliyoharibika. Aliyekulia karibu na bomba kubwa la Lubumbashi hahitaji maelezo.

Mpaka mwaka 2006 hakukuwa na reli iliyo juu kushinda hii. Mwaka huo Wachina walifungua njia ya Tibet, inayofika metri 5,072, yenye mabehewa ya kuwapa wasafiri oksijeni. Karibu na tuneli ya Galera kuna kilele chenye jina la Meiggs, na kuna mnara wa mawe wa Malinowski uliosimamishwa mwaka 1999. Daraja la Verrugas sasa linaitwa Carrión. Magari ya madini yanapita juu yake yakishuka Callao, na chini yake mto bado unaitwa kwa jina la ule ugonjwa.