Ndovu wa 1892 na bili iliyokwenda Zanzibar

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zilinibana. Leo hakuna msimbo. Ni historia kidogo, lakini mwishoni mtaona inavyorudi kwenye kazi yangu.

Wiki iliyopita nilikuwa Garsen, kando ya mto Tana, nikijaribu mfumo wa kuandikisha wafugaji. Jioni mtandao ukapotea, nikaanza kupekua picha za kale zilizomo kwenye kompyuta yangu. Moja ni katuni ya Punch, gazeti la vichekesho la London, toleo la tarehe 22 Oktoba 1892. Mtu anajaribu kumwachia John Bull ndovu mweupe. John Bull ni yule bwana mnene ambaye wachoraji walimtumia kuwakilisha Uingereza, na ndovu ni Uganda. Mwenye ndovu anasema mnyama amemshinda, asipochukuliwa atamwachilia aende zake. Kwa Waingereza, ndovu mweupe ni mali inayokula kuliko inavyozalisha.

Kwanza teknolojia, maana najua mmeijia hiyo. Kwa miaka mingi katuni za Punch zilichongwa kwenye ubao wa mti mgumu. Mchongaji aliondoa kila sehemu iliyotakiwa kuwa nyeupe, na kilichobaki juu ndicho kilichoshika wino. Ama kuna wino au hakuna: moja au sifuri! Ubao mkubwa ulitengenezwa kwa vipande vidogo vilivyofungwa pamoja, hivyo wachongaji kadhaa waligawana picha moja ili iwahi mtamboni. Nasi waandishi wa programu tunadhani kugawana kazi hivyo tumekuanza sisi.

Sasa, mwenye ndovu ni nani? Ni Imperial British East Africa Company ya William Mackinnon, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Mto niliokuwa nimeketi kando yake unahusika. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1886 uliufanya Tana kuwa mpaka wa kaskazini wa eneo la Waingereza. Wapokomo na Waorma, waliokuwa wakilima na kunywesha mifugo kwenye mto huo, hawakuulizwa. Witu, jirani wa Garsen, kampuni iliichukua mwaka 1891 na kuiacha 1893. Fedha zilikuwa zimeishia.

Mzaha wa katuni ni huu: atakayemlisha ndovu ni mlipa kodi wa Uingereza. Msomaji wa London alicheka huku ameshika mfuko wake.

Lakini tazameni bili yenyewe. Mwaka 1895 kampuni ilifidiwa pauni 250,000 ili iondoke. Serikali ya Uingereza ilitoa 50,000. Zile 200,000 zilitoka Zanzibar, katika fedha ambazo Ujerumani ilimlipa Sultani kwa pwani yake ya bara. Yaani Sultani aliuza pwani moja, na bei yake ikatumika kumlipa mpangaji wa pwani nyingine. Kwenye katuni, Zanzibar haimo. Mtu wa Tana pia hayumo. Wapo muuzaji, mnunuzi na mnyama tu.

Hilo ndilo lililonikaa kichwani. Mchoraji alikuwa hodari, na aliwakejeli wakubwa wa kwao bila woga. Hata hivyo aliichora hasara kwa macho ya aliyekuwa karibu naye.

Kesho yake asubuhi mzee mmoja mfugaji alikwama kwenye fomu yangu. Nilikuwa nimeitengeneza nikiwa Nairobi, na sehemu ya "makazi ya kudumu" ilikuwa ya lazima. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, niandike nyumba ya kiangazi au ya masika?" Sikuwa na jibu. Nilifuta ulazima huo palepale, nikaongeza nafasi ya pili.

Basi ukiletewa katuni kwenye simu, cheka, kisha uliza nani analipa na hayumo pichani. Mimi nimeanza kuziuliza fomu zangu swali hilohilo.

Tuonane wiki ijayo, tutarudi kwenye msimbo.