Nani ana nyundo? Kutoka jetoni hadi chipu

Juzi mzee mmoja wa Cinjira, kati ya wale waliohamishwa mlimani kupisha mgodi wa Twangiza, aliniuliza kama ni kweli kwamba siku hizi nyundo inajisemea yenyewe iko wapi. Zamani alilinda depo ya vyombo, kwa hiyo hakuuliza kwa mchezo.

Yeye alitumia jetoni, kama depo nyingi za viwanda na migodi duniani. Kila mfanyakazi ana vipande vya bati au shaba vyenye namba yake. Akichukua burini, anatundika jetoni kwenye msumari wa burini. Akirudisha, anachukua jetoni yake. Jioni mlinzi anatazama ukuta tu, anajua nani bado ana deni.

Mjomba wangu alilipia ukuta huo. Katika ateliye moja mjini, ambayo siitaji, ufunguo mkubwa wa bolti ulipotea. Jetoni yake ilikuwa bado msumarini. Alisema aliurudisha wakati wa mvua, mlinzi hayupo, akauweka mezani. Walimkata mshahara miezi mitatu. Baadaye ufunguo ulionekana chini ya mashine, lakini pesa hazikurudi. Nyumbani tulikula sombe bila mafuta, nakumbuka.

Chipu ilitokea upande mwingine, kwetu sisi watu wa redio. Katika Vita vya Pili vya Dunia ndege za Uingereza zilibeba chombo kilichojibu mawimbi ya rada, ili wa chini wajue huyu ni wetu. Mwaka 1948 Harry Stockman aliandika kuhusu kuwasiliana kwa mawimbi yanayorudishwa tu, yaani upande mmoja hauhitaji kuwa na mtambo wake wa kurusha. Mwaka 1973, huko Marekani, Mario Cardullo alipata hataza ya kitambulisho cha redio chenye kumbukumbu.

Kazi yake ni hii. Lebo ndogo ina chipu na antena, mara nyingi bila betri. Kisomaji kinarusha mawimbi. Lebo inapata nguvu humo humo na kujibu kwa namba yake. Nyingine zinatumia megahezi 13.56, chini ya FM yetu, na husomwa kwa karibu sana. Nyingine ziko kati ya 860 na 960, na husomwa mita kadhaa. Nyundo ikipita mlango wa depo, kompyuta inaandika namba na saa. Kwenye karakana za ndege jambo hili ni uhai, maana spana iliyosahaulika ndani ya injini inaweza kuangusha watu. Taabu ni chuma chenyewe: kinavuruga mawimbi, hivyo lebo ya nyundo hutengenezwa kwa namna ya pekee, yenye tabaka linaloitenga na chuma.

Kivu ya Kusini tumeshaonja lebo, ingawa si za redio. Mwaka 2010 mpango wa iTSCi ulianza kufunga lebo zenye namba kwenye mifuko ya kasiterite kule Nyabibwe, Kalehe. Septemba mwaka huo Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Nyabibwe lebo zilirudi Oktoba 2012. Ilikuwa jambo jema, mfuko kuwa na jina. Lakini wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba lebo zilikuwa zinauzwa chini kwa chini. Namba ilikuwa ya kweli, mkono ulioifunga haukujulikana.

Ndiyo maana nilimjibu mzee kwa uangalifu. Chipu ingeweza kuonyesha kwamba ufunguo wa mjomba haukutoka mlangoni siku ile. Isingesema uko chini ya mashine, wala nani aliusukuma huko.

Alinyamaza, akafunga vizuri koti lake, maana Cinjira kuna baridi.

«Na hayo yanayoandikwa na kompyuta,» akauliza, «mfanyakazi anapewa kopi, ao yanabaki kwa bosi peke yake?»