Kambi Iliyowasubiri: Historia Fupi ya Maroon Commandos

Waembu wa zamani walijigawa katika vizazi viwili, Kimanthi na Nyangi, na mtoto hakuingia katika kizazi cha baba yake bali cha babu yake. Baba akiwa Kimanthi, mwana alikuwa Nyangi, na mjukuu akawa Kimanthi tena. Uongozi ulipokezanwa kwa sherehe iliyoitwa nduiko. Kimanthi iliporudi kuishika nchi baada ya miaka mingi, hapakuwa na haja ya kuuliza kama ni ile ile iliyoondoka. Watu walikuwa wengine, lakini jina na kazi vilikuwa vile vile. Nimeanzia huko kwa makusudi. Kila bendi ya zamani inapotangaza kwamba wenyewe wamepatana na wanarudi jukwaani, mashabiki huulizana kama itapiga tena kama ilivyopiga enzi zake, na swali hilo huelekezwa kwa watu: sauti ya fulani bado ipo, vidole vya fulani bado vyepesi? Historia ya bendi moja ya wanajeshi wa Kenya, Maroon Commandos, inanifanya niamini kwamba swali hilo lingeelekezwa kwa nyumba kwanza. Walipokuwa hawapo, vyombo vilikuwa kwa nani? Na waliporudi, walirudi wapi?

Bendi hiyo ilianzishwa mwaka 1970 katika kambi ya Lang'ata, Nairobi, na askari wa Kikosi cha Saba cha Kenya Rifles, kiongozi wao akiwa Habel Kifoto, Mtaita. Maroon ni rangi ambayo Waswahili huiita damu ya mzee. Miaka yao ya kwanza haikuwa na makubwa. Walipiga kopi, yaani nyimbo za rumba za Kiswahili na za Kilingala ambazo mashabiki walikwisha kuzipenda kutoka kwa wengine. Kopi si aibu, maana hakuna bendi ya dansi Afrika Mashariki ambayo haikuanza kwa kuiga, lakini anayeandika historia ana wajibu wa kusema kwamba lau mambo yangeishia hapo, leo pasingekuwa na la kuandika. Mwaka 1972 yalikaribia kuishia hapo kweli. Bendi ilipata ajali mbaya, ikavunjika. Waliobaki walinyamaza hadi 1977. Miaka mitano kwa bendi ya dansi ni mingi mno. Mitindo hubadilika, wachezaji huhamia ukumbi mwingine, na jina husahaulika kabla hata bango halijachanika ukutani.

Walirudi na wimbo ambao hakuna aliyekuwa akiungoja. Charonyi Ni Wasi uliimbwa kwa Kitaita, ukieleza ugumu wa maisha ya mtu aliye mbali na kwao, na ukawa wimbo wa Kenya nzima. Hili linahitaji kutazamwa kwa utulivu. Kitaita si lugha ya wengi. Mtu wa Embu haielewi, wala wa Kisumu, na kama Kifoto angemwendea mfanyabiashara yeyote wa santuri kumwomba ushauri, nadhani angeambiwa aimbe Kiswahili au Kilingala, kama alivyokuwa akifanya kabla ya ajali. Lakini mji kama Embu ulikuwa tayari kuupokea wimbo wa namna hiyo. Ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, mkoa ulioanzia Machakos na kuishia Moyale, na ofisi zake zilijaa makarani, walimu, askari na wauguzi waliotoka kila pembe ya nchi na waliokuwa, wote, ugenini. Redio ya Sauti ya Kenya ilifikisha wimbo, na lugha ambayo mtu hakuielewa haikumzuia kuielewa hali. Baadaye bendi hiyo hiyo ilitoa Amka Kumekucha, wimbo uliopigwa redioni asubuhi hadi watoto waliokuwa wakijiandaa kwenda shule wakaufanya kuwa saa yao ya ukutani. Kwa hiyo Maroon Commandos hawakurudia ukuu wao. Hawakuwa nao. Ukuu ulikuja baada ya kurudi.

Kwa nini ilitokea hivyo? Maelezo ya kwanza yatakayotolewa ni kipaji cha Kifoto, nami sikikatai, isipokuwa kwamba kipaji hicho kilikuwepo pia mwaka 1971 na hakikutoa Charonyi. Maelezo yangu ni mwenye vyombo. Kila aliyewahi kukaa karibu na bendi za dansi anajua uzito wa neno hilo. Gitaa, ngoma, tarumbeta na spika mara nyingi si mali ya wanaozipiga. Ni mali ya mwenye baa, au tajiri fulani, au shirika, na siku mwenye vyombo akikasirika au akifilisika, bendi hulala njaa hata kama ina nyimbo mia. Maroon walikuwa na mwenye vyombo asiyefilisika, yaani jeshi. Mishahara ilitoka kwa sababu walikuwa askari, si kwa sababu ukumbi ulijaa Jumamosi. Bendi ilipokufa mwaka 1972 kambi haikufa, na aliyetaka kuifufua hakuhitaji kutafuta tajiri. Zaidi ya hayo, mtu ambaye kibaba chake hakitegemei tiketi za mlangoni anaweza kuthubutu kuimba kwa Kitaita.

Hapa kuna pingamizi ambalo haliwezi kupitwa hivi hivi: kwamba jeshi ni mahali pa amri, na sanaa haiamrishwi. Ni kweli kwamba bendi ya serikali haiwezi kuimba kila kitu, na Amka Kumekucha, ukiusikiliza vizuri, ni wito wa kazi ambao waziri yeyote angeupenda. Lakini anayedhani kwamba bendi ya mtaani iko huru ajaribu kumwimbia mwenye baa wimbo asioutaka. Kila bendi ina bwana. Tofauti ni kwamba bwana mmoja hudai faida wiki hii, na mwingine anaweza kungoja miaka mitano.

Mfano wa nyumba iliyokosekana tunao, nao unauma zaidi kwa sababu waliohusika walikuwa, kwa maoni yangu, wapigaji bora kuliko wanajeshi wetu. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga walitoka Tanga, wakapitia Arusha, wakafika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuijenga Simba Wanyika. Mwaka 1978 mpiga gitaa la kati Omar Shabani, pamoja na mpiga besi Tom Malanga, mpiga ngoma Rashid Juma na wengine, walijitenga wakaunda Les Wanyika. John Ngereza akajiunga nao, na dunia ikapata Sina Makosa. Mwaka 1981 Issa Juma akaanzisha Super Wanyika. Mtu atasema: basi kutengana ndiko kulikozaa, kuungana kwa nini? Nakubali kwamba kutengana kulizaa, tena kulizaa vizuri sana. Lakini tazama kilichobaki. George alifariki mwaka 1992, Wilson mwaka 1995, Omar Shabani mwaka 1998, Ngereza naye hakuchelewa kuwafuata. Hapakuwa na mahali ambapo mpigaji kijana angeingia, akakabidhiwa gitaa la kati na kuonyeshwa jinsi linavyosuka kati ya solo na besi. Leo zipo santuri, na zipo bendi za hotelini zinazopiga kopi za santuri hizo. Wanyika ilikuwa ukoo mkubwa usio na boma.

Dar es Salaam inathibitisha upande wa pili. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina bendi nayo ilibadili: NUTA, kisha JUWATA, kisha OTTU, hadi ilipobaki Msondo Ngoma. Muhidin Maalim Gurumo aliondoka hapo mwaka 1978 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park, wenye mtindo wao wa Sikinde. Mwaka 1985 akahamia Orchestra Safari Sound. Kisha akarudi Msondo. Mashabiki walilalamika kila mara, na kila mara nyumba aliyoiacha iliendelea kupiga. Aliporudi hakuna aliyeita kurudi kwake muungano wa kihistoria. Alirudi kazini.

Sasa nije kwa mfano unaotumiwa zaidi kunipinga. Orchestra Baobab ya Senegal ilianza mwaka 1970, mwaka ule ule wa Maroon, ikavunjika mwaka 1987, na ilipokutana tena mwaka 2001 haikuwa na kambi wala chama. Mwaka uliofuata ilitoa Specialist in All Styles, albamu inayoweza kuwekwa kando ya kazi zake bora za zamani bila aibu, na baadhi ya nyimbo zake zilikuwa za zamani zilizopigwa upya. Je, hiyo si bendi iliyorudi kwa kipaji na kumbukumbu tu? Sidhani. Nyuma yake kulikuwa na kampuni ya World Circuit, studio, na safari za maonyesho mwaka hadi mwaka. Na kipimo changu si albamu ya 2002 bali zilizofuata: moja mwaka 2007, nyingine mwaka 2017, hii ya mwisho ikiwa ya kumkumbuka mwimbaji wao Ndiouga Dieng aliyefariki mwaka mmoja kabla. Bendi iliyomzika mwimbaji wake na ikaendelea kurekodi ni bendi iliyopata nyumba, hata kama nyumba hiyo ilijengwa London. Ilinganishe na Wenge Musica, waliotengana mwaka 1997 na kukutana tena tarehe 30 Juni 2022 katika uwanja wa Stade des Martyrs, Kinshasa. Waliosubiri robo karne kumwona JB Mpiana na Werrason jukwaa moja walipata walichotaka, na sebene ni sebene, mwili haubishani nalo. Lakini kila mmoja wao alikuwa na bendi yake ya kurudia kesho yake, na Wenge yenyewe haikuwa na pa kulala.

Haki inanilazimu nisiipambe nyumba kupita kiasi. Kifoto alistaafu jeshi, akaunda Lulu Band, na akafariki mwaka 2011. Jina la Maroon Commandos lilibaki na wenyewe, yaani na jeshi; mwaka 2007 ilitoka albamu ya Shika Kamba. Bendi imesimama. Lakini Charonyi nyingine haijaja, na sioni sababu ya kujifanya imekuja. Nyumba humfungulia anayerudi. Haimwahidi wimbo. Hapo ndipo kipaji, nilichokiweka kando kidogo hapo juu, kinapodai chake. Ninachobisha ni mpangilio tu: kipaji bila nyumba huacha santuri, nyumba bila kipaji huacha mazoezi, na kati ya hasara hizo mbili ni ya pili inayoacha mlango wazi kwa kijana atakayezaliwa na sikio.

Anayedhani kwamba haya ni mambo ya serikali na makampuni peke yake avuke mto Thuci aingie Chuka. Wapiga ngoma wa huko, wale wanaobana ngoma ndefu katikati ya miguu na kuegemea nyuma hadi unadhani wataanguka, hawana mshahara wa kikosi wala mkataba wa London. Nyumba yao ni kijiji na rika. Anayechoka anakaa chini, mdogo wake anasimama, na mdundo hausiti. Hakuna siku ambayo wapiga ngoma wa Chuka walitangaza kuungana tena, maana hawakuwahi kutangaza kuvunjika.

Tarehe 1 Juni 2023 sherehe za Madaraka zililetwa Embu, katika Uwanja wa Moi, na nchi nzima ikaelekeza macho hapa kwa siku moja. Uwanja ungali upo. Wanaozungumzia kuwakusanya wanamuziki wakongwe wa eneo hili ili wapige tena nyimbo zao, na mazungumzo hayo ni mema, ninawaomba wasianze na bango wala orodha ya wageni wa heshima. Waanze kwa kujibu mambo mawili: vyombo vitakuwa mali ya nani, na mazoezi ya Jumatatu, sherehe ikishaisha, yatafanyika wapi?