KABURETA: Kuipima na Kuilinganisha

Kabureta ni chombo cha motokaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia katika silinda, na kuilinganisha ni kazi ya kuupa mchanganyiko huo kadiri yake, hata gari, dereva akanyagapo mafuta, liongeze mwendo bila kusita wala kukohoa. Kwa uzito, sehemu 1 ya petroli huhitaji takriban sehemu 15 za hewa ili iungue sawasawa. Injini ikielemewa na mlima, hutaka hewa ipungue hadi 12 au 13. Katika kabureta ya kunyunyizia, aliyoibuni Mjerumani Wilhelm Maybach mnamo 1893, hewa hupita kwa kasi penye koo jembamba, msukumo wake ukapungua, na petroli, ambayo boya huilinda isizidi wala kupungua katika kisima chake, ikanyonywa kupitia tundu dogo liitwalo jeti.

Taabu kubwa ya kabureta za awali ilidhihiri mlango wa hewa, uendeshwao na kanyagio la mafuta, ulipofunguliwa ghafla. Hewa, kwa wepesi wake, hutangulia; petroli, kwa uzito wake, huchelewa; mchanganyiko huwa hafifu kwa muda mfupi, na injini hukata pumzi palepale ilipotakiwa kutoa nguvu. Mfaransa François Baverey, ambaye kazi yake ya mwaka 1906 ndiyo asili ya kabureta za Zenith, aliongeza jeti ya pili inayolishwa na kisima kilicho wazi kwa hewa: petroli hujikusanya humo gari liendapo taratibu, kisha hunyonywa mara mlango ufunguliwapo. Baadaye watengenezaji wengi waliweka pampu ndogo iliyofungamana na kanyagio.

Fundi mwenye insafu haigusi kabureta kabla hajakagua plagi, wakati wa cheche, vali, na viungo vinavyoweza kuvuta hewa ya wizi, maana kabureta nyingi zimeharibiwa kwa kosa lisilo lao. Petroli nayo ina hila zake: zamani ilisafirishwa katika madebe ya galoni 4, nayo maji na kutu vilivyomo huziba jeti na kuleta dalili zilezile za petroli haba, kwa hiyo busara ni kuichuja kwanza kwa ngozi laini. Injini ikishapata moto ndipo skrubu hugeuzwa, kidogo kidogo. Katika Ford Model T, dereva aliweza kufunga sindano ya petroli hadi injini ianze kukosa, kisha akairudisha mpaka mngurumo utulie. Katika kabureta ya SU ya Waingereza, pistoni ya kabureta yenyewe huinuliwa kidogo mno: injini ikiongeza kasi na kuendelea hivyo, petroli imezidi, ikizimika, imepungua, ikiongeza kidogo kisha ikarejea, kadiri imepatikana.

Lakini mizani ya haki ni barabara, na pahali pachache huidhihirisha hivyo kama safari ya kutoka Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa nchini Tanzania, kwenda Mbinga na vilima vya Mbuji. Ziwa hilo liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali Mbinga imepita mita 1,300, na kila mita 1,000 zipandwazo huipunguzia hewa karibu sehemu 1 katika 10 ya uzito wake. Petroli haipungui kwa kiasi hichohicho. Basi gari lililolinganishwa ufukweni likaondoka kwa utulivu, likifika juu hutoa moshi mweusi na plagi zake hujaa masizi, ingawa hakuna kilichoharibika. Nguvu iliyopotea kwa wepesi wa hewa hairudishwi na bisibisi, wala fundi asimwahidi mteja hivyo. Kusita ndiko kunakoweza kutibiwa. Achague mwinuko asioujua kwa kukisia bali kwa mazoea, aliendeshe gari taratibu kwa gia ya juu, akanyage mafuta kwa mkupuo mmoja na kusikiliza: kikohozi chataka petroli zaidi, mngurumo mzito wenye moshi wataka hewa. Kisha azitazame plagi, ambazo rangi ya kahawia ndiyo afya yao.

Kurudi ziwani kwataka hadhari zaidi kuliko kupanda. Aliyebana petroli kwa ajili ya milima hana budi kuirejesha kabla ya kulipakia gari mzigo huko chini, kwa kuwa mchanganyiko hafifu huungua polepole kwa joto kali, na vali za kutolea moshi ndizo hulipa gharama.