Bondia wa Omaha na saratani za ukoo

Mwaka 1962, huko Omaha, jimbo la Nebraska nchini Marekani, daktari aliyekuwa bado mafunzoni aliitwa kumwona mgonjwa mmoja mlevi. Mtu yule ndiyo kwanza anapata nafuu baada ya kuweweseka kwa pombe. Alipoulizwa kwa nini anakunywa namna hiyo, alijibu kwamba anajua atakufa kwa saratani, kwani ndiyo inayowamaliza kwao.

Daktari mwingine angeandika "mlevi" kwenye faili na kwenda kitanda cha pili. Huyu, aliyeitwa Henry Lynch, alivuta karatasi akaanza kuchora ukoo: mama, wajomba, mashangazi, nani alikufa, kwa nini, akiwa na umri gani.

Lynch mwenyewe hakuwa daktari wa kawaida. Alizaliwa Massachusetts mwaka 1928, akaacha shule, akadanganya umri ili aingie jeshi la majini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akapigana ngumi za kulipwa. Udaktari aliupata mwaka 1960, akiwa na miaka 32. Labda ndiyo maana hakuona haya kumwamini mlevi.

Mwaka 1966 alichapisha habari za koo mbili, moja ya Nebraska na nyingine ya Michigan, ambamo saratani za utumbo mpana na za mfuko wa uzazi zilishuka kutoka kizazi hadi kizazi. Wenzake walimtilia shaka. Siku hizo saratani ilisemekana hutokana na mazingira, au virusi, na maombi yake ya fedha za utafiti yalikataliwa mara kwa mara. Kumbe hata Michigan kulikuwa na mtangulizi. Mwaka 1895 fundi cherehani mmoja alimwambia Daktari Aldred Warthin kwamba atakufa kijana kwa saratani kama jamaa zake. Ikawa hivyo: saratani ya mfuko wa uzazi ilimwua. Warthin aliyaandika mwaka 1913, yakasahaulika.

Akiwa Chuo Kikuu cha Creighton, Lynch hakungoja wagonjwa waje. Aliwafuata mashambani na kwenye mikusanyiko ya koo, akichukua damu na kuuliza maswali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alionyesha kwamba zipo familia ambamo saratani ya matiti na ya ovari huandamana: dada ana hii, shangazi ana ile, chanzo kimoja.

Kuhusu ovari, jambo hilo lina uzito wa pekee. Ovari zimejificha ndani, na dalili za saratani yake ni zile ambazo mtu huzipuuza: tumbo kujaa, kushiba upesi, kukojoa mara kwa mara. Mpaka leo hakuna kipimo cha kuwachunguza wanawake wasio na dalili ambacho kimethibitika kuokoa maisha. Kumjua aliye hatarini kabla hajaugua ndiko kunakosaidia.

Mwaka 1990 mtafiti Mary-Claire King wa chuo kikuu cha Berkeley alitangaza kwamba jeni inayosababisha saratani ya matiti katika baadhi ya koo iko kwenye kromosomu ya 17. Mwaka uliofuata Steven Narod na wenzake, Lynch akiwamo, walionyesha kwamba saratani ya ovari nayo inatokea sehemu hiyo hiyo. Ushahidi ulitoka kwenye koo alizozifuatilia Lynch miaka yote ile. Mwaka 1994 jeni yenyewe, BRCA1, ikapatikana.

Mwanamke wa kawaida ana uwezekano wa takriban asilimia 1 wa kupata saratani ya ovari maishani. Mwenye hitilafu ya BRCA1 anafikia asilimia 40 hivi. Ndiyo maana huyo hushauriwa kuondolewa ovari na mirija akishamaliza kuzaa, kwa kawaida kati ya miaka 35 na 40. Uamuzi huo ni mchungu, lakini unapunguza hatari kwa kiasi kikubwa.

Lynch alifariki Juni 2019, akiwa na miaka 91. Ile hali ya koo zenye saratani za utumbo na mfuko wa uzazi, ambayo nayo huongeza hatari ya saratani ya ovari, inaitwa kwa jina lake.

Basi daktari akikuuliza kwenu nani aliugua saratani, usiishie kwa mama na bibi mzaa mama. Wataje na mashangazi. Baba mwenye hitilafu ya jeni hizi naye huirithisha, na kila mtoto wake, wa kike kwa wa kiume, ana nafasi moja kati ya mbili ya kuipata.