Mashine ya kufulia: mlango wa juu na mlango wa mbele
Mashine za kufulia za nyumbani hugawanywa katika aina mbili kuu kwa kufuata mahali nguo zinapoingizwa. Katika ile ya mlango wa mbele, pipa, yaani chombo chenye matundu kinachobeba nguo, huzunguka kwa mhimili wa mlalo, likiziinua nguo na kuziangusha katika maji machache, ilhali pipa la mlango wa juu husimama wima na kujazwa maji mengi, kisha nguo hukorogwa humo. Kwa hiyo ile ya mbele huokoa maji na hukamua kwa kasi kubwa, mara nyingi mizunguko 1,000 hadi 1,400 kwa dakika, ingawa huchukua muda mrefu, huhitaji sabuni isiyotoa povu jingi, na mpira wa mlango wake huota ukungu usipokaushwa. Mashine ya kampuni ya Bendix ya Marekani, iliyotoka mwaka 1937, ilikuwa ya aina hiyo, na kwa mtikisiko wake ilibidi ifungwe sakafuni kwa bolti. Hata hivyo, penye maji ya mgawo hoja ya uchache wa maji haitoshi, kwa kuwa mashine ya mapipa mawili, ambayo ni ya mlango wa juu, hujazwa hata kwa ndoo, ilhali ile ya mbele hutegemea msukumo wa bomba.